Pazia la Mama Mkwe

Maji yalikuja pande zote mbili za tuta kwa mpigo, barabara ya Rukala ikamezwa mbele na nyuma. Oduori alikanyaga breki. Hiace yake, aliyoigeuza nyumba ya kulala kwa ajili ya likizo, ikabaki juu pale peke yake katikati ya mafuriko ya mto Nzoia.

Mvuvi mmoja alipita na mtumbwi wenye nafasi ya abiria mmoja tu. Linet, mkewe Oduori, akaingia kwenda kutafuta boti kubwa.

"Kaa na mama," alisema. "Hiyo mashine isizime."

Hilo ndilo lililomtia Oduori baridi. Mama Nanjala, mama mkwe wake, alikuwa amelala nyuma ya pazia akipumua kwa mashine ya oksijeni, maana moshi wa kukausha samaki kule Sio Port ulikuwa umemharibu mapafu. Pazia alilitundika Oduori mwenyewe. Kwao mkwe haoni kitanda cha mama mkwe, sembuse kukigusa. Safari nzima maneno yao yalikuwa yakipitia kwa Linet.

Mashine ikaanza kulia.

"Baba Sharlyne," mama aliita, akitumia jina la mjukuu wake kama ilivyo heshima. "Hii kitu inapiga kelele."

"Ni betri, Mama. Haipati chaji. Wacha niangalie."

Betri ya pili, ile ya kuendesha vitu vya nyumbani, ilipaswa kujazwa na injini. Oduori aliwasha injini, akapima mbele: dainamo ilikuwa nzima. Akakagua fyuzi, nazo nzima. Akafuata waya kwa vidole mpaka pale ulipopita chini ya pazia, akasimama. Tayari alijua. Siku ya kufunga betri ile alikuwa amezungusha nati kwa vidole tu, akisubiri spana, ndipo mama mkwe akafika mapema na Linet akatandika kitanda juu yake. Tangu hapo angeinuaje godoro? Alimwachia Mungu, na Mungu hakazi nati.

Akarudi kwenye fyuzi zilezile. Aliogopa maji, yaliyokuwa yamefika kwenye magurudumu. Aliogopa Linet atakuta nini. Na ingawa ni aibu kusema, lile pazia aliliogopa kuliko vyote.

Mlio ukakatika. Mashine ilikuwa imezima.

"Mama, waya imelegea chini ya kitanda yako."

Pumzi zilikwaruza. "Na unangoja nini? Uje... kwa matanga?"

Oduori akaling'oa pazia. Midomo ya mama ilikuwa ya kijivu. Alimwinua, akamwegemeza kwenye mito, akapindua godoro. Maji yalishaingia sakafuni, yamebakiza vidole viwili kuifikia betri. Nati ilikuwa inacheza, kichwa cha waya kimeungua. Akazima injini, akapandisha betri kitandani, miguuni pa mama, akaifunga kwa pazia isianguke. Akakwangua weusi kwa kisu, akakaza kwa spana mpaka kiganja kikachubuka.

Injini ilikohoa, ikakataa. Oduori alisali kwa sauti, akajaribu tena. Ikashika.

Taa ya mashine ikawa kijani. Alimrudishia mama mpira puani, na kwa kuwa mama hakuweza kukaa mwenyewe, akamshika mabega. Walikaa hivyo, wakisikiliza maji yakigonga mlango, hadi boti ilipofika.

Linet alichungulia, akaduwaa. "Pazia iko wapi?"

"Imefunga betri," mama akajibu.

Mashine na betri zikatangulia kwenye boti. Oduori akambeba mama mkwe mgongoni, akitazama chini kwa haya.

"Oduori." Mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Mbuzi ya kuosha hii aibu utaleta. Ile mnono."

"Nitaleta, Mama."

"Na mimi nitaikula. Marehemu hali nyama."

Linet alicheka huku machozi yakimtoka. Oduori aliketi na mama mkwe wake mbele ya macho ya watu, akimshikilia bega, na hakumwachilia mpaka Rukala.