Ngozi ya Doto

Kisomangozi kilishuka juu ya mkono wa Doto Masanja, kikaupapasa kwa mwanga wa kijani, na baada ya sekunde tatu kikatamka bila aibu: "Miaka sitini na nne." Doto alikuwa na hamsini na moja.

Mashine hiyo ililetwa Mwanza kukomesha ujanja wa watumishi kupunguza umri ili wasistaafu. Cheti cha kuzaliwa hakikuaminika tena. Kilichoaminika ni unene wa ngozi na kiasi cha kolajeni, ile protini inayoishikilia isilegee. Basi Doto, rubani wa vivuko-anga vya Ukerewe kwa miaka ishirini na sita, akaambiwa kwamba amedanganya, arudishe sare.

Alikasirika. Alimfuata pacha wake wa kiume, Kulwa, naye rubani, akamleta mbele ya kamati ya rufaa. Mashine ikampa Kulwa hamsini na mbili.

Mhandisi Bukombe, aliyeiunda, akabanwa aeleze. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ngozi ya mwanamume ni nene zaidi na huzeeka polepole, mwaka hadi mwaka. Ya mwanamke, hedhi ikishakoma, hupoteza karibu theluthi ya kolajeni ndani ya miaka mitano. Mashine ilifundishwa kwa ngozi elfu arobaini, zote za askari wanaume, kwa kuwa hao ndio waliokuwa rahisi kupangwa mstari.

"Ulilijua hilo?" Doto aliuliza.

"Nililijua, dada. Niliambiwa wanawake watawekwa kwenye toleo la pili."

Watawekwa! Kana kwamba ni viti vya ziada harusini.

Mwenyekiti alikohoa, akasoma uamuzi. Doto arudi kazini, kwa kuwa umri wake umethibitishwa na ngozi ya kaka yake. Kilichobaki ni kutia alama ya kidole gumba kwenye karatasi.

Doto alitazama mlangoni. Kwenye benchi la nje walikaa wanawake kumi na mmoja, wauguzi, walimu, mafundi umeme, kila mmoja na barua ya kustaafishwa mkononi.

"Na hawa wasio na pacha wa kiume?"

Mwenyekiti akajibu kwamba kamati inashughulikia shauri lililo mbele yake tu.

"Basi langu halijaisha, Mheshimiwa," Doto alisema, akaisukuma karatasi kando bila kutia kidole gumba. "Miaka hamsini na moja nimeiishi mimi. Kaka yangu hakuishi hata siku moja kwa niaba yangu."

Akatoka, akaketi mwisho wa benchi. Saa nane kivuko chake kiliruka kwenda Ukerewe, kikiendeshwa na mtu mwingine.