Kipenga cha Tatu

Jioni ile nilikwenda kufunga geti la bustani ya umma ya ufukweni, kazi niliyoirithi kwa marehemu mume wangu. Sheria yake ilikuwa hii: kipenga mara tatu, kisha kufuli. Cha kwanza, wapenzi waache mabenchi. Cha pili, watoto watoke majini. Cha tatu, aliyebaki shauri yake, hata awe nani.

Nikamkuta mpima ardhi ameinama chini ya mivinje, anachimbua jiwe la mpaka. Mawe yalikuwa manne. Matatu alishayasogeza, na nusu ya bustani ilikuwa imeingia kwenye kiwanja cha hoteli jirani.

"Shikamoo, mama," akasema, haya hana. "Hebu nimulikie hapa."

Mwaka jana mume wangu alikaa juu ya jiwe lile lile, akasema ardhi ni ya watu wote na jiwe halisogezwi. Kesho yake akaokotwa amekufa maji, yeye aliyeogelea kama samaki. Mtu wa mwisho kuwa naye alikuwa huyu. Mazishini alilia kuliko mimi mfiwa.

"Mzee alikuwa mbishi," akaendelea, huku anachimba. "Angenisikiliza, leo angekuwepo."

Nikaiweka tochi chini, nikaenda zangu getini.

Kipenga kilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekishika.

Pii...

Mlio ulitoka kule ndani, kwenye mivinje.

Upepo ukakata. Ikaja harufu ya tumbaku ya mume wangu, imechanganyika na mwani uliooza.

Pii...

"Mama, acha utani!" mpima ardhi akaita.

Ningeweza kumwambia akimbie. Mungu anisamehe, nilimchukia mno. Nikabana kufuli.

Pii.

Mbio zikaja hadi getini. Vidole vyake vikapenya kwenye nondo, vinachuruzika maji ya chumvi, na bahari ilikuwa imekupwa mbali.

"Mama, nifungulie... Amekaa juu ya jiwe. Ananiuliza..."

"Anakuuliza nini?" nikanong'ona.

"Kwa nini nilimkandamiza kichwa."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikautia mfukoni.

Vidole vikaachia, kimoja kimoja.

Alfajiri nilifungua. Polisi walipekua kila kichaka, hawakuona hata kiatu chake. Mawe yote yalikuwa yamerudi mahali pake.

Ila yalikuwa matano.

La tano halikauki, hata jua la saa saba. Hoteli ilileta mpima mwingine. Akaligusa, akafuta mkono kwenye suruali, akaaga bila kufungua mkoba. Bustani imebaki ya watu wote, na mimi nikajisemea sijutii.

Jana nilichelewa, nafagia majani kule mwisho. Kipenga cha kwanza sikukisikia. Nilisikia cha pili, nikatupa ufagio, nikakimbia peku.

Geti nililikuta limeshasukumwa, limebaki upenyo wa kupita mtu kwa ubavu. Kufuli lilikuwa linaning'inia, limelowa.

Nimepita. Lakini namjua mume wangu. Hakuwahi kumpendelea mtu.