Kona Isiyoitikia Salamu

“Ukungu umeshukia wapi leo, mwanangu?”

Mama Sarinten aliuliza akiwa jikoni, vidole vimegandwa na unga, tempe za soya zinachemka kwenye mafuta. Hakuna aliyejibu. Skuta alikuwa ameisikia ikiingia uani, injini ikazimwa, kandambili zikavuliwa mlangoni. Akauliza tena, huku akitabasamu kabisa, akingoja utani. Ratri hakuwa mtu wa kuulizwa jambo mara mbili. Ndiye aliyekuwa mnadi wa viazi katika soko la juu mlimani, na wanunuzi walisema akinyamaza yeye, soko zima linapata mafua.

Wening, dada mkubwa, alitoka kwenye gereji iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Akamkuta mdogo wake kizingitini, koti la mvua linachuruzika, mdomo wazi. Koo lilikuwa linapanda na kushuka. Ulimi ulikuwa unafanya kazi yake yote. Sauti ndiyo haikuwepo.

“Ratri, acha mchezo.”

Ratri akatikisa kichwa. Akatoa simu, akaandika, akamgeuzia dada yake kioo: *Honi haikulia.*

Wening akaigeukia skuta. Asubuhi ile ile alikuwa amemfungia Ratri taa mbili za manjano chini ya usukani, taa za kupasua ukungu, maana ukungu wa Dieng, huku mlimani kwao, hauna adabu; hushuka saa nane mchana na kukufumba macho. Umeme alikuwa ameuchukua kwenye waya wa honi. Mafundi wote wa mlimani hufanya hivyo wakiwa na haraka. Waya ule uko karibu: unafungua bamba la mbele, unaunga, unazungusha tepu, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Ila taa zikiwaka hunywa umeme wote wa ule waya mwembamba, na honi hubaki ikikohoa.

Kwingine hilo lingekuwa kero tu. Lakini ili kutoka sokoni hadi kwao ni lazima upite kona ya Watulawang, na pale kila mtu hupiga honi mara tatu kabla ya kuingia, anayepanda na anayeshuka, lori la viazi na gari la polisi. Hiyo ndiyo hodi. Mwenye kona, jini la pale, asikie kwamba unapita.

Ratri alikuwa amepita bila hodi.

“Msiseme kwa nguvu,” Mama Sarinten alinong’ona, akifunga dirisha. “Msilitaje.”

Baada ya magharibi, harufu ikaingia. Kwanza ilikuwa udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa mvuani, kisha maua ya kanthil, matamu mpaka yanakera koo. Wening aliifuata hadi gereji. Skuta ilikuwa imesimama gizani, ufunguo uko mfukoni mwa mama yake. Honi ikakohoa. Ikakohoa tena. Halafu zile taa mbili zikawaka polepole kama macho ya mgonjwa anayeamka, na Wening, badala ya kukimbia, akapiga magoti akafungua kifuniko, akachomoa waya wa hasi, akachomoa wa chanya, akaitoa betri nzima akaiweka sakafuni mbele yake, na taa zikaendelea kuwaka, zikaongezeka, zikamulika ukuta wenye spana za marehemu baba yake, na katika mwanga ule, pale ambapo kivuli chake mwenyewe kilipaswa kuwa peke yake, kulikuwa na kingine nyuma yake, kirefu hadi kimejikunja darini, nacho kikasema kutoka ndani ya honi, kwa sauti ya Ratri, sauti ile ile ya kuita bei za viazi: “Dada. Nifungulie. Huku kuna matope.”

Ratri mwenyewe alikuwa mlangoni. Amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanapita kati ya vidole.

Asubuhi akaja Mbah Karso, mzee anayeitunza kona ile na kuisemea. Akaketi, akanywa kahawa, akamtazama Ratri kama mtu anayekagua mbuzi.

“Amepita bila sauti,” alisema, “basi sauti si yake tena. Mwenyewe ameichukua.”

“Mwenyewe nani, Mbah?” Wening aliuliza. “Ana hati ya kiwanja?”

“Wening!” mama yake alimkemea.

“Ng’oeni hizo taa, zinamchoma macho. Na huyu binti, kila Alhamisi jioni, apeleke maua na kuku mweusi. Apige magoti, aombe radhi.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka aridhike.”

“Umemtunza tangu ujana wako, Mbah. Aliwahi kuridhika hata siku moja?”

Mzee akacheka, meno yamekolea tumbaku. “Hii ndiyo hasara ya kumpa mwanamke bisibisi.”

“Bisibisi nilipewa na baba, na kaburi lake unalijua. Alipoanguka pale konani, ulikuja hapa hapa msibani ukauliza kama alipiga honi. Kila anayeanguka mnauliza hilo. Hamjauliza hata mara moja kwa nini kona nzima haina taa.” Wening alikuwa amesimama sasa. “Kosa la waya ni langu, nitalitengeneza leo. Lakini mdogo wangu hatapigia mtu magoti kwa sababu ya waya.”

Akafanya kazi iliyopaswa kufanywa tangu mwanzo. Akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akaufikisha kwenye rilei, kile kijisanduku kidogo kinachozibebea taa mzigo wake, na waya wa honi akauachia honi peke yake. Akawasha taa. Akabonyeza honi. Ikapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

“Mkienda konani wote wawili, mimi nabaki na nani?” Mama Sarinten alimshika mkono.

“Jana usiku huyo mwenye kona alikuwa humu ndani, Mama. Hakuna tena pa kubaki salama. Tusomee dua.”

Baada ya alasiri waliondoka, Ratri nyuma, mikono imemkaba dada yake kiunoni. Ukungu ulikuwa umeshalala barabarani. Lori lililowatangulia likapiga mara tatu, likapita, likamezwa. Wening akaingia kwenye kona kimya kimya, akafika katikati, kwenye jiwe refu lililosimama kando ya barabara kama mwimo wa mlango, akafanya jambo ambalo hakuna mtu anayelifanya pale: akasimama. Akazima injini. Taa akaziacha.

Akabonyeza honi mara moja.

“Assalamu alaikum.”

Ukungu ukaacha kutembea. Udongo mbichi. Kanthil.

“Mara tatu,” honi ikasema kwa sauti ya Ratri.

“Mwenye masikio humtosha moja.”

“Baba yako alipiga mara tatu. Babu yako alishuka akavua kofia.”

“Na wewe ukawajibu nini?”

Mikono ya Ratri ikakaza.

“Nakuuliza. Wewe ni Muislamu au siyo? Kama siyo, sema, nikusomee yanayokuhusu. Kama ndiyo, basi kutoa salamu ni suna, kujibu ni wajibu, hata mtoto wa madrasa analijua hilo. Watu wanakusalimu hapa tangu barabara ikiwa njia ya farasi. Umemwitikia nani?”

Taa zikaanza kufifia, na kutoka kwenye ukungu kitu kikaanza kuja, hakitembei bali kinarefuka, kinapita juu ya ukingo wa barabara na juu ya mashamba ya viazi, kikidondosha matope mazito yaliyolia pwa, pwa juu ya lami, kikaja hadi baridi yake ikamwingia Wening mifupani na meno yake yakaanza kugongana, na akahisi uso, kama ni uso, ukiinama kando ya shavu lake, ukinusa, na honi ikanong’ona: nitakuchukua na wewe, nitawachukua wote wawili, nitaacha skuta tu hapa, na Mbah Karso atauliza kama mlipiga honi.

“Utajibu au hutajibu?” Wening alisema, sauti inatetemeka, hakuificha. “Unataka heshima usiyoitoa. Assalamu alaikum. Narudia mpaka kesho. Assalamu alaikum!”

Matope yakaacha kudondoka.

“Wa alaikumu…” honi ikaanza, taratibu, kama kinywa kisichowahi kulitumia neno hilo, “…s-salaam.”

Lakini mwisho wa neno haukutoka kwenye honi. Ulitoka nyuma ya shingo ya Wening, ukiwa na joto la pumzi.

“Dada,” Ratri akasema, analia na kucheka, “washa hiki chombo twende! Umeegesha katikati ya barabara kama mwendawazimu.”

Siku ile Mama Sarinten alikaanga tempe za kulisha mtaa.

Ingekuwa imeishia hapo, ingekuwa hadithi ya raha. Lakini jini lile lilikuwa limeshindwa hoja, na aliyeshindwa hoja hana budi kuitekeleza. Sasa huitikia. Piga honi Watulawang, na kutoka kwenye jiwe utasikia salamu ikirudi, tamu, ya mwanamke. Watu wamefurahi! Mbah Karso anajigamba. Wanakuja wageni toka mabondeni, wanapiga honi, wanarekodi kwa simu zao, wanacheka, wanapiga tena.

Ila jini halina sauti yake. Linaazima ile ile linayoijua. Kila linapojibu, Ratri hukatika: katikati ya bei, katikati ya Fatiha, mdomo wazi. Mwanzoni ilikuwa kufumba na kufumbua. Jumapili iliyopita, wageni walipojaa, alinyamaza tangu asubuhi hadi jua la utosi, na mnunuzi mmoja akamwambia aende nyumbani kama amechoka.

Wening alisimamisha kibao pale konani. Kiking’olewa, anasimamisha kingine. Anamfungia taa yeyote anayetaka, na rilei juu yake. Wazee wanamwambia mila haivunjwi kwa ajili ya msichana mmoja. Anawauliza inavunjwa kwa ajili ya wangapi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukipita Watulawang, punguza mwendo, washa taa zako zote, na tafadhali, usipige honi.