Nyaya Zilizopangwa Vizuri Mno

Maiti ililala chali kati ya meza na ukuta, miguu peku, macho yakitazama dari. Kiganja cha kulia kilikuwa na mstari mweusi wa kuungua. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, soksi mbichi na maziwa yaliyochacha.

Inspekta aliziba pua kwa ncha ya mtandio wake, kisha akauachia. Mtu wa kazi yake hachagui harufu.

"Aliyetupigia ni muuza viatu wa duka la chini," koplo alisema. "Saa saba na dakika kumi alisikia kishindo, akadhani wanahamisha meza. Saa nane harufu ikamfikia. Akapanda na ufunguo wa akiba."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ndiyo, afande. Lakini kitasa chenyewe ni cha kujifunga. Ukitoka ukauvuta, basi."

Chumba kilikuwa klabu ya watu watano wenye wazimu mmoja: kufungua kompyuta na simu, kuzibadilisha, kuzipa umbo na kasi ambayo kiwanda hakikukusudia. Rafuni zilijipanga kompyuta zisizo na ngozi, feni zake zikiwa zimevaa vumbi na nywele za watu. Ndani ya kikombe cha kahawa ukungu wa kijani ulikuwa umeota manyoya. Koplo aliposogeza printa kuukuu, mende wakamiminika kutoka tumboni mwake na kupita juu ya mkono wa marehemu.

Koplo alitema mate dirishani. "Watu wanakaa humu kwa hiari yao?"

"Wanaita starehe," Inspekta alisema.

Marehemu aliitwa Kichaka. Si kwa sababu ya nywele zake, maana hakuwa nazo. Jina lilitokana na nyaya alizokuwa akizisokota na kuzisukumiza ndani ya kompyuta zake bila mpango.

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu. "Umeme. Umeingia kiganjani, umetokea unyayoni. Tazama, kisanduku cha umeme cha kompyuta kiko wazi na waya bado umechomekwa ukutani. Kajitakia. Niandike ajali? Ndugu zake wanataka kuzika kesho."

"Subiri kidogo."

Ngazi zililia. Mwanamke mwenye sare ya muuguzi alisimama mlangoni. Alikuwa dada wa marehemu. Alimtazama kaka yake muda mrefu, jinsi wauguzi wanavyotazama, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mimi ndiye niliyemuua, mama," alimwambia Inspekta.

"Kivipi?"

"Simu yangu. Ilikuwa inamaliza chaji kwa saa tatu. Nikampa aitazame. Ana siku mbili hajalala kwa sababu yake. Nikamwambia, kaka, achana nayo, nitaishi nayo hivyo hivyo. Akaniambia 'nyamaza.' Hajapata kuniambia hivyo tangu tuzaliwe." Alisogea karibu na maiti. "Mkiandika ajali, nitajua ni usingizi. Na usingizi nilimnyima mimi."

"Simu hiyo iko wapi?"

"Si alikuwa nayo yeye?"

Waliitafuta. Hawakuiona.

"Kuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa?"

"Nadhifu tu. Rafiki wa kaka, wa humu humu klabuni. Ni kama ndugu, Ijumaa anakula kwetu. Miaka miwili iliyopita aliiwekea mfumo mpya, bure. Akawafanyia na wenzangu wa wodini."

"Wangapi?"

"Karibu wote."

Inspekta aligeukia meza. Aliokota simu ya marehemu mezani. Dada alijua namba ya siri. Saa sita kasoro dakika nane Kichaka alikuwa ametuma picha kwenye kundi la klabu: kompyuta ile ile iliyokuwa mezani, ubavu wazi, nyaya zimefumuka kama utumbo. Chini yake wenzake walikuwa wamemkalia kooni.

"Humo chui anaweza kuzaa."

"Kichaka, nunua fyekeo."

Naye alikuwa amejibu: "Inawaka au haiwaki?"

Inspekta alitazama picha, kisha kompyuta. Bodi ile ile, feni zile zile tatu. Lakini nyaya za mezani zilikuwa zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa kwa mkono mwepesi. Kila baada ya vidole vinne kulikuwa na kifungio cheusi cha plastiki. Mikia ya vifungio ilikuwa imekatwa hadi shinani, na vichwa vyote vilitazama nyuma.

"Pichani kuna diski mbili," alisema. "Hapa iko moja."

"Labda aliitoa mwenyewe, akazipanga nyaya," koplo alisema. "Alikuwa na saa nzima."

Dada aliguna. "Kaka yangu? Hata viatu alikuwa hafungi kamba."

"Nani katika klabu anafunga hivi?"

Muuguzi aliinama, akatazama.

"Mmoja tu," alisema. "Ndiyo maana anaitwa Nadhifu."

*

Kesho yake asubuhi Nadhifu aliketi katika chumba cha mahojiano. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi. Kabla ya kukaa alipangusa kiti kwa leso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Klabuni ulifika lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi."

"Kompyuta ya Kichaka hukuigusa?"

"Nani ataigusa? Ni jalala lile."

Koplo aliingia na kompyuta, akaiweka mezani. Vifungio vilikuwa vimekatwa, nyaya zimemwagika ovyo. Nadhifu alizitazama, akageuza uso.

"Kwa nje ulifuta vizuri," Inspekta alisema. "Lakini alama za vidole zimepatikana kwenye nyaya zenyewe, chini ya vifungio. Huwezi kufuta hapo bila kuvikata. Ni zako. Na kwenye kabati lako tumekuta diski moja na simu ya muuguzi."

Nadhifu alikunja leso yake, pembe juu ya pembe.

"Mwenzako yuko sakafuni amekufa. Diski umeshaitoa. Chini yako muuza viatu anauza viatu. Ulibaki mle dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Ukifanya nini?"

"Zilikuwa vibaya mno, mama. Nilipoingiza mkono kutoa diski, nikaona ile hali." Alisugua ukucha. "Siwezi kuacha kazi hivyo."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Ulimuuaje?"

"Sote, kabla ya kugusa bodi, tunagusa kwanza chuma cha boksi. Ni kutoa umeme tuli mwilini, usije ukaunguza vifaa. Kichaka alikuwa mchafu, ila hilo hakuwahi kulisahau. Alipotoka kununua maji nikahamisha waya mmoja kwenye kisanduku cha umeme. Akarudi, akavua viatu kama kawaida yake, akagusa. Halafu nikaurudisha waya mahali pake."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kubadilisha betri.

"Kwenye simu ya dada yake kulikuwa na nini?"

"Programu."

"Ya kufanya nini?"

"Inafungua kamera. Mwenyewe hajui."

"Simu ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Miaka miwili umewatazama watu wakioga, wakivaa, wakilala. Na Ijumaa unakwenda kunawa mikono kwa mama yao, huyo binti anakupakulia chakula."

"Ndiyo."

Inspekta alirudisha kiti chake nyuma. Alikuwa ameona mizoga mingi katika kazi hii. Hakuna uliowahi kunuka kama shati hili lililopigwa pasi.

"Kichaka alipogundua, alikwambia nini?"

"Alinakili kila kitu kwenye diski. Akaniita. Akasema kwa ajili ya urafiki wetu wa miaka tisa ananipa nafasi. Nifute picha zote mbele yake, kisha twende wote wawili nikakiri kwa wenye simu na kwa polisi."

"Ukaogopa jela."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alionekana kuudhika. "Jela ningekwenda. Kufuta ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nimezipanga, mama. Kila mmoja na sehemu yake, siku, saa, chumba. Kazi ya miaka miwili. Mtu ambaye hawezi hata kufunga waya aje azifute kwa dakika moja?"

Nadhifu alinyoosha mkono, akaanza kuokota nyaya mezani, mmoja baada ya mwingine, akizilaza sambamba.

"Mkifungua diski," alisema, "waombeni wataalamu wenu wasiharibu mpangilio."

Koplo alimtazama mkubwa wake.

"Andika," Inspekta alisema. "Andika hivyo hivyo alivyosema. Kisha mwondolee hizo nyaya."

Kwenye ukumbi, muuguzi alisimama ukutani.

"Ni mimi, mama?"

"Si wewe. Kaka yako hakusinzia. Aliuawa, na alijua vizuri alichokuwa anakitetea. Kaa chini nikueleze."

"Nimezoea kusimama. Niambie."

Inspekta alimwambia yote, bila kulainisha. Muuguzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kwenye ndoo ya taka pembeni, akainama, akatapika kila kilichokuwamo tumboni. Alijifuta mdomo kwa kiganja na kurudi.

"Nipe majina ya hao thelathini wengine," alisema. "Ni wenzangu. Tukishamzika kaka, nitawaambia mimi mwenyewe, mmoja mmoja."