Mshenga wa Fimbo Mbichi

Ijumaa hiyo, baada ya sala, Zuhura alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi uani kwao, Kilwa Kivinje. Shangazi yake, Mwahija, alikuwa akimtania.

"Kwa wali wako huu, mwanangu, posa ya pili ipo njiani."

"Ya kwanza imenitosha, shangazi."

Ndipo mgeni alipobisha hodi. Kanzu yake iling'aa kama bati jipya, na jua lile lote halikumtoa hata tone la jasho. Mkononi alishika fimbo mbichi, yenye majani bado. Alimwambia mzee Abdulatifu, baba yake Zuhura, kwamba yeye ni Skirini, mshenga kutoka kaskazini ya mbali. Bwana wake, akiwa juu ya kiti kinachotazama dunia nzima, alimwona binti, na tangu hapo hali wala halali. Akafunua sinia: matufaha ya dhahabu.

"Namposa mwali wenu huyu."

Zuhura alingoja baba yake amsahihishe. Alikuwa ameolewa Lindi, akapigwa, akaachika, akarudi na sanduku lake mchana kweupe, mtaa mzima ukimtazama. Mzee aliyatazama matufaha, akameza mate.

"Mwali wetu, naam."

Hasira zikampanda Zuhura. Mateso yake yote yamepanguswa kama makombo mezani!

"Sitaki! Mwambie bwana wako ashuke kitini, aje kuposa mwenyewe!"

Mshenga aliugusa kwa fimbo mwimo wa mlango, mninga mkavu wa enzi za babu.

"Nitarudi kuchukua jibu."

Zuhura akafungua kinywa amtukane. Sauti haikutoka.

Hospitalini walimmulika koo wakaliona zima. Wiki nzima alizungumza kwa kugonga masufuria. Baba yake hakuthubutu kumtazama, wala sinia hakulirudisha.

Ijumaa iliyofuata, mshenga alipotokea, Zuhura aliipiga teke seredani. Makaa mekundu yakatapakaa mlangoni. Mgeni akayakanyaga kwa miguu mitupu. Polepole. Majivuni hakuacha unyayo.

"Mwali, unaridhia?"

Kimya.

Akatabasamu. "Kimya cha mwali ndiyo idhini yake. Nifuate."

Mguu wa Zuhura ukanyanyuka. Haukumtii. Wa pili ukafuata.

"Kaka," Mwahija alinong'ona. "Sema. Utamzika mtoto kwa aibu yako?"

Mzee akamkabili mshenga. "Si mwali. Aliolewa, akaachika. Nilikudanganya."

"Basi kimya chake si kitu," Mwahija akamgeukia mgeni. "Aliyekwisha kuolewa hutamka kwa kinywa chake. Mrudishie sauti, mshenga, umuulize upya."

Tabasamu likafutika. Fimbo ikainuliwa. Zuhura akahisi koo likifunguka, kavu, lenye ladha ya majani mabichi.

"Unaridhia?"

Hakumtazama mshenga kwanza. Alimtazama baba yake, mpaka mzee akainamisha kichwa.

"Sitaki," aliwaambia wote wawili.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sinia lilikuwa tupu.

Lakini kwenye mwimo, pale fimbo ilipogusa, mninga ule mkavu ulikuwa umetoa chipukizi la kijani. Zuhura alilikata kwa kisu, papo hapo, kwa ghadhabu. Asubuhi lilikuwa limerudi. Hulikata kila siku kabla ya kuwasha moto.

Siku hizi huchipua upande wa ndani.