Udongo wa Toyer Haupoi

Udongo ulikuwa wa moto. Wala si joto la taa, maana taa zilizimwa tangu jana magharibi, na chumba kilikuwa baridi kiasi cha kumfanya Toyer Salie avae koti la marehemu baba yake juu ya nguo za kulalia. Alichomeka kidole kwenye ndoo ya kwanza ya udongo, akakitoa upesi. Akajaribu ya pili. Yale yale, kama amegusa uji uliopakuliwa sasa hivi.

"Makubwa," akasema, akajifuta kidole kwenye koti, akaenda zake kazini kupiga plasta. Ndivyo alivyo huyo, namjua tangu anavaa kaptula. Kitu kikimshinda kukielewa, hukiacha kijielewe chenyewe.

Tangu sheria ilipolegezwa, mtaani kwetu hapa Cape Flats nyumba nyingi zina dirisha moja lililozibwa kwa blanketi, na nyuma ya blanketi kuna bangi. Hakuna anayeshangaa. Ila Toyer havuti hata sigara. Alilima kwa ajili ya mama yake, Mama Gadija, ambaye kansa ilikuwa imemwingia mifupani. Vidonge vya hospitali vilimtuliza kidogo, kisha vikamwachia, na vikimwachia alikuwa anauma shuka asiwaamshe watu. Mafuta ya bangi ya kununua yalimtapisha mpaka akatapika nyongo. Lakini mavuno ya kwanza ya Toyer, yaliyolelewa ndani ya chumba alichokiacha dada yake alipoolewa, yalitoa mafuta masafi, matone machache chini ya ulimi, na Mama Gadija akalala usingizi wa mtoto. Alipoamka akaomba kaimati za Jumapili, akala, akacheka. Toyer alitoka nje akalia peke yake nyuma ya nyumba.

Sasa chupa ile ilikuwa inakaribia kuisha, na majira ya mvua yalikuwa mlangoni. Mavuno ya pili yakiharibika, mama angeingia kwenye baridi na mifupa yake mitupu.

Basi majani yakaanza kubabuka.

"Mbolea imezidi," alisema Igsaan, fundi breki wa jirani, aliyelima bangi tangu enzi za kukimbizana na polisi. "Umeilisha kama bibi harusi. Punguza."

Toyer akapunguza. Majani yakazidi, yakawa na malengelenge, na malengelenge yakipasuka yalitoa maji.

"Basi taa iko karibu. Inua taa."

Akainua taa. Ukaja utando mweupe, umefunga shina kwa shina.

"Utitiri," alisema Igsaan. Akatoa lenzi yake, akageuza jani huku na huku, akatafuta weee. Hakuona mdudu hata mmoja. Akaushika ule utando, akauvuta, ukavutika bila kukatika. "Sasa hii, ndugu yangu... hii kama nywele." Akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akarudisha lenzi mfukoni.

Na harufu. Kila mtu anaijua harufu ya bangi inayotoa maua, inapita hata chini ya mlango. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto tayari kunyonyolewa, na ilianza saa za giza, magharibi ilipoingia na taa kuzimwa. Maana bangi ikishaanza maua inataka giza la kweli usiku kucha. Mwanga ukiingia, hata wa mshumaa, inavurugika na kutia mbegu, na yenye mbegu haifai kwa dawa. Kwa hiyo mlango ule ukifungwa magharibi haufunguliwi mpaka asubuhi. Hiyo ilikuwa amri ya nyumba.

Jioni moja wakiwa wanakula, ukaja mgao wa umeme. Friji ikanyamaza, na feni ya kile chumba, ambayo huunguruma mchana na usiku mpaka umeisahau, ikanyamaza nayo. Hapo ndipo walipomsikia mtoto.

Alikuwa analia ndani ya chumba cha bangi. Kilio chembamba, cha mtoto aliyelia muda mrefu mpaka sauti imekwisha.

"Paka," Toyer akanong'ona.

"Paka gani, Toyer?" mkewe Shamiela alinong'ona naye, kijiko kimemganda mkononi. "Paka gani anavuta kamasi?"

"Wa jirani. Ameingia uani."

"Kumbe amekuwa akilia siku zote hizi na feni inamfunika. Fungua mlango."

"Siwezi. Umeme ukirudi mwanga utaingia. Dawa ya Mama, Shamiela."

"Nimesema fungua!"

"Nimekwambia siwezi!"

Wakabaki wamekaa gizani, mchuzi wa kondoo unapoa, wanamsikiliza mtoto asiye wao akilia nyuma ya mlango ambao hawakuweza kuufungua. Na chumbani kwake, Mama Gadija akagonga ukuta kwa pete yake.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza. "Mchukueni jamani. Anaumwa huyo. Mimi nakijua kilio cha maumivu."

Shamiela alivumilia jioni mbili tatu. Halafu Toyer alipokwenda msikitini kwa sala ya isha, akashika simu yake, akawasha tochi, akasema yote na yawe, akausukuma mlango. Aliyonieleza ndiyo haya, na alikuwa ameushika mkono wangu mpaka kucha zikaacha alama. Aliona kwanza majani, na majani yalikuwa yanatoa mvuke, kisha katikati ya ndoo akaona kitu alichodhani ni shina lililokua kupita mengine, refu, limeinama, na utando wote ule mweupe wa chumba kizima ulikuwa unatoka kwake, unashuka kichwani kwake mpaka sakafuni na kupanda kwenye kila mmea, akatambua kuwa utando ule ni nywele, na kwamba kile kitu kimempa mgongo, kimekaa chini kimepakata kitu, kinayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, jinsi kila mwanamke anavyoyumba na mtoto mgonjwa, na wakati anarudi kinyumenyume, kile kitu bila kugeuka kikasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mwenye kuchoka, "Zima hiyo. Inamuuma macho." Akazima. Ndicho kitu alichojilaumia baadaye, kwamba alitii kwanza, ndipo akapiga kelele.

Asubuhi Igsaan aliitwa. Alishika ua moja, akalipasua kwa ukucha. Mbegu tupu. La pili, mbegu. Mmea mmoja tu wa pembeni ndio uliokuwa umepona.

"Mwanga?" Toyer aliuliza.

"Mwanga wa dakika moja haufanyi hivi, kaka. Mmea hutia mbegu ukitishika." Igsaan akainusa ile harufu, akaangalia ndoo, akaitafuta kofia yake. "Mimi breki zangu zinanisubiri," akasema, na hajavuka tena kizingiti kile.

Toyer akaenda kumwambia mama yake kwamba dawa imeharibika. Mama Gadija hakuuliza habari za dawa.

"Udongo huo uliutengeneza vipi?"

"Mama?"

"Nakuuliza. Uliutengeneza vipi?"

Toyer akaeleza, macho chini. Mavuno ya kwanza yalikuwa yamesumbuliwa na vijidudu vyeusi vinavyoruka, vinavyotaga ndani ya udongo na kula mizizi. Igsaan akamfundisha kuuchoma udongo kwa maji yanayochemka kabla ya kupanda tena. Basi akaumwaga udongo uani, karibu na mfereji, akachemsha birika baada ya birika, akamimina. Ilikuwa magharibi, adhana inaadhiniwa.

"Ukasema bismillahi."

Toyer akatikisa kichwa.

Hakuna mtoto wa Kiislamu aliyelelewa mtaani kwetu asiyelijua hili. Maji ya moto humwagi ardhini hivi hivi. Unataja jina la Mungu kwanza, kwa sauti, ili wale tusiowaona wasikie wasogee na watoto wao. Mama Gadija alimfundisha kabla hajajua kuvaa viatu.

"Nilifungua mdomo, Mama," Toyer alisema. "Nikaona haya. Nikasema, nitamtajaje Mungu juu ya bangi? Nikafunga mdomo. Nikamimina."

"Ukasikia nini?"

"Kama mluzi. Nikadhani ni birika."

"Ah, mwanangu," alisema Mama Gadija, akageukia ukutani.

Galiefa Ganief, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu wa Kurani, ambaye baba yake pia alikuwa akiwasomea wenye majini, alikuja baada ya sala ya alasiri na chupa yake ya maji ya kusomewa. Hakuwa amefika hata nusu ya aya alipoanguka Shamiela. Akainuka akakaa, ameinamisha kichwa, mikono imepakata hewa, anayumba mbele na nyuma.

"Unanisomea mimi?" sauti ikauliza. "Nimesali magharibi kwenye uwanja huu kabla hamjahamishwa kwenu na serikali na kuletwa hapa kwa malori."

"Toka katika mwili wa huyu mwanamke," Galiefa alisema.

"Nitatoka. Sikumjia yeye. Nimekuja unisikilize, wewe unayejua sheria." Shamiela akafungua mikono yake kidogo, kama anayeonyesha. "Tazama."

Sisi tuliokuwa mlangoni hatukuona kitu. Galiefa aliona. Akafumba macho, mzee wa watu, na ile chupa ikamtoka mkononi.

"Mama wa nyumba hii ni jirani mwema," sauti iliendelea. "Miaka yote, maji ya moto, anataja jina, tunasogea. Huyu hakutaja."

"Niliona haya," Toyer alisema.

"Ukamwonea haya Mungu, huyu mtoto wangu hukumwonea huruma. Udongo alimoungua ukaubeba ndani, nami nikaufuata. Hapati usingizi. Hapati usingizi, mnanisikia? Kila nikimweka chini analia. Na nyuma ya ukuta huu mama yako analala." Shamiela akaikunja tena mikono kifuani. "Nataka kile anachopewa mama yako."

"Chukua kingine," Toyer akapiga magoti. "Nichome mimi. Nitachinja, nitasomesha, nitahama nyumba. Kilichobaki chupani ni kidogo, Mama ana maumivu..."

"Galiefa," sauti ikasema, "haki ni ya nani?"

Galiefa Ganief akaiokota chupa yake sakafuni. "Naweza kumtoa jini mwenye kuonea," alimwambia Toyer mwishowe, taratibu. "Huyu anadai haki yake. Sina aya ya kumfukuza mwenye haki."

Ndipo ile pete ikagonga ukuta. "Toyer! Lete chupa yangu."

Mama Gadija akajikokota mwenyewe mpaka uani, amemwegemea mwanawe, kila hatua anaguna. Kwenye mfereji akainama, akataja jina la Mungu, akamimina tone kwa tone, chupa yote. Ndani ya nyumba kilio kikakatika. Shamiela akazinduka akaomba maji. Na Mama Gadija akarudi kitandani, usiku ule ule maumivu yakamrudia.

Mmea uliopona ulitoa kichupa kimoja, nacho kilikwenda mfereji huo huo, matone kila magharibi. Toyer alimsihi mama yake wagawane.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," Mama Gadija alimjibu. "Nina Mungu, nina nyinyi. Yule mdogo ana nini?"

Jioni moja uvumilivu ulimshinda Toyer. Akatia matone ya magharibi ndani ya chai ya mama yake, hakusema kitu. Mama Gadija alikunywa, uso ukalegea, macho yakaanza kufumba, Toyer akamshukuru Mungu, na hapo hapo kilio kikaanza, si kwenye kile chumba tena bali chini ya kitanda chenyewe, chini ya mgongo wa mgonjwa, na godoro likaanza kupata moto, na mama yake akafumbua macho yaliyojaa machozi, akamshika shati.

"Umeninywesha cha mtoto?" akanong'ona. "Toyer, umeninywesha cha mtoto?" Akatia kidole kooni, akakitapika.

Hakujaribu tena. Mvua zikaja, na majirani wote tulimsikia Mama Gadija kupitia kuta zetu. Shamiela alipokuwa akipeleka maji alikuta pembeni mwa kitanda shuka limebonyea, kama mtu amekaa pale. "Mwache, ndiye mama yake yule mdogo," mama mkwe wake alisema. "Ananishika miguu. Mkono wake ni baridi, unanisaidia kidogo." Alifariki kabla mvua hazijakatika, akiwa ameuma shuka.

Mavuno yaliyofuata, Mungu anisamehe, yalikuwa mazuri kuliko yote. Hakuna jani lililobabuka. Chupa zikajaa, zingetosha wagonjwa wawili na kubaki. Toyer alizipanga mezani, akazitazama, kisha akavaa koti akaenda kwa Galiefa Ganief.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," alisema. "Yule mtoto atapona lini?"

Galiefa alimkaribisha chai. Akakoroga yake muda mrefu bila kuweka sukari.

"Baba yangu aliniachia mgonjwa mmoja wa kwao hao majini," alisema. "Mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Si kuungua, Toyer, kidole tu. Baba alikuwa anamsomea tangu sijazaliwa. Alipokufa nikaendelea mimi, na sasa unaziona mvi zangu."

"Na kidole?"

"Bado kinatoka damu." Akamsogezea kikombe. "Nasikia Shamiela ni mjamzito."

"Ndiyo."

"Allah amsalimishe. Akizaliwa huyo, mfundishe kulima mapema."

Toyer alikunywa chai yake mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaaga, akatembea haraka, maana magharibi ilikuwa inakaribia na alikuwa hajatoa matone.