Bi Hadia Asiyevuta Pumzi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Ibtihal alipotoka madrasa alipita katika vichochoro vya Amu, mji wa Lamu, akijibana ukutani kuwapisha punda, kisha akamwamkia babu yake barazani. Bwana Jamaludin alikuwa hapo na wenzake, kikombe cha kahawa mkononi, wakisimulia mambo ya ujana wao. Kadiri kahawa ilivyopungua ndani ya birika, ndivyo ujana ule ulivyozidi kunoga. Ibtihal, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, aliishi hapo na babu, bibi yake Bi Saadiya, na kaka yake Dawud aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni. Wazazi wao walifanya kazi Mombasa.

Wiki hiyo Mwalimu Fadhil wa shuleni alikuwa amewapa wanafunzi wake kazi. Kila mmoja amtafute mzee, amrekodi akiimba wimbo wa zamani, na aandike jina la mwimbaji. Jumamosi, siku ya wazazi, nyimbo hizo zingesikilizwa na watu wote.

Bi Saadiya alizijua nyimbo tele. Taabu ni kwamba hakuwa na wimbo usio na utangulizi. "Wimbo huu tuliuimba harusini kwa Asmaa," alianza, "na Asmaa huyo, mamake ni ndugu wa..." Nusu saa ikapita, Bi Saadiya bado yuko kwa shangazi wa mamake Asmaa, na wimbo wenyewe hata haujaanza.

"Nitarudi baadaye, Bibi," Ibtihal akasema, akaondoka. Hakurudi.

Dawud alikuwa na programu ya kuimbisha kompyuta. Unaandika maneno, unapanga sauti ipande wapi na ishuke wapi, unachagua mwimbaji, na kompyuta inaimba pasipo mtu. Ibtihal akachagua sauti ya mwanamke, akaizeesha kidogo, akatia na mikwaruzo ya santuri kuukuu. Maneno aliyatunga mwenyewe:

*Asumini nimetunga, sinaye wa kumvika,*
*Waliniambia ngoja, nangoja mvi zatoka.*

Kwenye karatasi ya mwalimu akaandika: Bi Hadia binti Mselem, wa Mbwajumali. Aliichagua Mbwajumali kwa sababu iko mbali, kisiwa cha Pate. Nani angepanda boti kwenda kuhakikisha?

Mwalimu Fadhil aliusikiliza wimbo ule mara tatu, akavua miwani na kuifuta. "Hazina kama hii tulikuwa tuipoteze!" akasema, na papo hapo akautuma kwenye kundi la wazazi katika simu. Kufika alasiri, Bi Hadia alikuwa akiimba katika nusu ya nyumba za Amu.

Pale barazani wazee waliusikiliza mpaka mwisho. Bwana Abdulwahid, mshona kofia, akatikisa kichwa. "Huyu namjua. Nalimsikia kwa masikio yangu, mwaka ule wa mvua kubwa."

Bwana Jamaludin hakupenda kuzidiwa. "Wewe ulimsikia tu," akasema. "Mimi nilipokuwa nikienda kule Mbwajumali kununua tumbaku, almanusura nimuoe. Huyo anayengojwa katika wimbo, wadhani ni nani?"

Ibtihal, aliyekuwa akipitisha sahani ya tende, alibaki mdomo wazi. Alitaka kusema, lakini mlango ukafunguka na Bi Saadiya akatoka.

"Baba Idarus!" akasema. Idarus alikuwa mtoto wao wa kwanza, babake Ibtihal. "Miaka arubaini na mitano nyumba moya, hujanambia habari za mwanamke huyu!"

"Mambo ya kale hayo, mama Idarus."

"Basi mwanamke mwenyewe nalimuona. Ana makengeza!"

Hapo babu angecheka tu, mambo yangekwisha. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama. "Hana makengeza," akasema kwa heshima kubwa, akimtetea mwanamke ambaye hakuwa na macho kabisa.

Bi Saadiya aliingia ndani, akafunga nguo zake katika mfuko, akachukua na mbuzi ya kukunia nazi, akaenda zake mtaa wa Wiyoni kwa dada yake, Bi Mahfudha.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za dhiki. Babu aliingia jikoni mwenyewe. Maharagwe yalikosa tui, wali uliungua chini na kubaki mbichi juu, na paka wa mtaani, ambaye hakuwa na desturi ya kuchagua, aliunusa akaondoka. Usiku wa pili babu aliweka kijiko chini. "Nyumba hii imekuwa kubwa," akasema polepole. Ibtihal aliumia moyoni.

Asubuhi Dawud akamwita pembeni, simu mkononi. "Bi Hadia huyu ameimba beti nne bila kuvuta pumzi hata mara moja. Mtu angekuwa amezimia. Na sauti hii ninayo katika kompyuta yangu."

"Utanisemea?" Ibtihal akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Sikusemei. Ulianza mwenyewe, maliza mwenyewe. Kompyuta hii hapa, ichukue."

Ibtihal akatembea hadi Wiyoni, kompyuta kaikumbatia kifuani. Bi Saadiya na dada yake walikuwa wakichagua mchele. "Bibi," akasema, "Bi Hadia hayuko. Nilimtengeneza mimi."

"Babu yako amekutuma," Bi Saadiya akajibu bila kuinua macho.

"Wallahi, Bibi..."

"Usiape!"

Ibtihal akaifungua kompyuta. "Nipe maneno yoyote, ataimba."

Bi Saadiya akafikiri kidogo. "Mwambie aseme: Jamaludin sikumjua."

Ibtihal akaandika. Sauti ikatoka, yenye huzuni na mikwaruzo yake yote: *Jamaludiiini, sikumjuaaa!* Bi Mahfudha aliruka akaanza kusoma Ayatul Kursi kufukuza mashetani. Bi Saadiya akataka irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya tatu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha akaikunja leso.

"Na mimi nilisema ana makengeza," akasema. "Na wewe, Mahfudha, ulinambia ulisoma naye chuo cha Kurani."

"Nilidhani ni mwengine," Bi Mahfudha akasema, akaurudia mchele wake kwa bidii.

Bi Saadiya akampa Ibtihal simu. "Mpigie mwalimu wako."

Mwalimu Fadhil alisikiliza hadi mwisho. "Umenihuzunisha, Ibtihal," akasema. "Uongo huu ulipita kwenye kundi la wazazi, basi na ukweli upite njia hiyo hiyo. Na usitumie kompyuta. Sema kwa sauti yako."

Ibtihal akajirekodi. Sauti ilitetemeka, na mara mbili alisita ili avute pumzi, kisha akaituma rekodi kwa mwalimu aipeleke kundini. Yeye na Bi Saadiya wakashika njia ya kurudi nyumbani.

Walipofika barazani, wazee walikuwa wameizunguka simu ya Bwana Abdulwahid. "Bi Hadia binti Mselem hajawahi kuzaliwa," sauti ya Ibtihal ilikuwa ikisema. "Nilidanganya. Nisameheni." Bwana Abdulwahid akaokota kofia na sindano yake, akakumbuka kwamba alikuwa akisubiriwa nyumbani. Wengine nao wakakumbuka mambo yao. Babu akabaki peke yake.

"Baba Idarus," akasema Bi Saadiya, "hebu nipe habari za mchumba wako."

Babu alitazama vidole vyake vya miguu. "Sikumjua," akasema. "Niliona wenzangu wana la kusema, nami nikataka langu. Kisha nikaona haya kurudi nyuma. Niwie radhi." Akainuka, akaupokea ule mfuko wa nguo, akaubeba mwenyewe hadi ndani huku mtaa mzima ukitazama.

Jioni hiyo Ibtihal alimrekodi bibi yake kwa ajili ya Jumamosi. Utangulizi ulichukua saa moja na nusu, na wimbo ulikatwa mara moja na kikohozi. Walipomaliza, Bi Saadiya akamshika mkono.

"Kompyuta haina kosa," akasema. "Ukitaka iimbe, na iimbe, mradi useme ni kompyuta. Wewe ulikwepa kazi ya siku moya ukazua mtu. Babu yako akautilia nguzo uongo wako apate sifa, nami nikaupaka chokaa kwa wivu. Tumeujenga watu watatu, na nyumba yetu ya kweli ikakaribia kuanguka. Mjukuu wangu, ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lako peke yako. Ukichelewa, utawakuta hata wazee wako wamo ndani, wanatafuta pa kutokea."